Muulize Daktari (Sehemu ya Tisa)

Chuma kilishuka.

Tulimwacha Delwar, fundi cherehani wa soko la Madhupara, ameinua stendi ya dripu juu ya kichwa cha Sista Kohinoor, na nyuma yake ndugu, majirani na watu wasiomjua hata kwa jina wanapiga kelele: "Wauaji! Wauaji!" Mke wake, Parul, alikuwa amekata roho muda mfupi tu uliopita kwa homa ya kidingapopo, kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Wiki nzima mmenipigia simu mkiuliza swali moja: je, Kohinoor amekufa?

Hakufa. Chuma hakikumpata yeye.

Kilimpata Shiuli.

Shiuli, muuguzi mdogo wa zamu ile, yule anayecheka hata akihesabu vidonge, alijitupa katikati huku ametanua mikono kama mtu anayezuia kuku wasiingie jikoni.

"Kaka Delwar, ni mi..."

Hakumaliza. Chuma kilimshukia juu ya sikio. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Kisha akalala.

Kelele zikakatika.

Kola ya sare yake ikaanza kubadilika rangi. Kola ile Delwar aliishona kwa mkono wake kabla ya Idi, akamtania kwamba ana shingo ndefu kama korongo, kitambaa kitakwisha. Sasa aliitazama. Akaitazama stendi. Akaiachia, ikaanguka kwa mlio uliomfanya kila mtu aruke.

"Sikumkusudia yeye," alisema.

Waliokuwa wakipiga kelele kuliko wote ndio waliokuwa wa kwanza kutafuta kandambili zao.

Kohinoor alipiga magoti kwenye maji ya mvua yaliyovuja darini.

"Shiuli! Mdogo wangu, fumbua macho. Niambie, mimi ni nani?"

Macho yalifumbuka. "Dada Kohinoor mwenye hasira."

Kohinoor alikaribia kucheka, akaacha. Alikuwa ameona mboni za yule binti. Moja ilikuwa ndogo, ya pili ilikuwa imetanuka.

"Chupa ya Tuli," Shiuli alisema.

"Usiongee."

"Chupa inaisha, dada. Presha yake imeanza kushuka tangu nilipompima. Usiiache ikauke."

"Nimesikia. Nyamaza sasa."

"Na mama usimwambie nimeanguka. Ana presha, ataogopa bure."

Akatapika. Baada ya hapo hakusema neno tena.

Daktari wa zamu alikuja anakimbia, glavu zake zina damu ya watu wengine. Tangu alfajiri alikuwa chumba cha upasuaji na majeruhi wa basi lililopinduka mtaroni. Hospitali nzima ilikuwa na daktari wa kutibu huyo mmoja siku hiyo. Alimfungua Shiuli jicho moja, akafungua la pili, akasimama.

"Hapa hatuna mtu wa kufungua kichwa. Apelekwe hospitali kuu ya Barishal sasa hivi. Nakwenda naye mwenyewe."

"Na wodi, Dokta?"

Daktari alikuwa ameshashika upande mmoja wa machela.

Gari la wagonjwa lilitoka likirusha tope. Kohinoor alilikimbilia hadi getini, akabaki amesimama kwenye mvua.

Aliporudi uani, aliwakuta wenzake wote wametoka. Wauguzi wa wodi zote, wa kliniki, hata wahudumu wa usafi, wameketi chini ya baraza wamefungana mikono kiwiko kwa kiwiko. Metroni Hosne Ara, mama mnene wa sauti nene, alikuwa amesimama katikati yao.

"Hakuna anayerudi ndani!" alikuwa anasema. "Hakuna! Mwaka jana walimng'oa Sista Rahima meno, tukaambiwa tuvumilie. Mwezi wa Ramadhani wakammwagia mwenzetu chai ya moto kifuani, tukaambiwa wana uchungu. Leo tuambiwe nini? Wagonjwa wamelala mpaka chooni, wodi nzima wauguzi wawili, kila mgonjwa kaletwa na ukoo wake mzima, dawa hakuna, daktari hakuna, na atakayetukanwa ni nani? Ni sista! Mlinzi wetu naye anatembelea fimbo. Ni nani atamlinda mwenzake hapo?"

Mlinzi mzee, aliyekuwa ameegemea geti, aliinamisha kichwa.

Yote yale yalikuwa kweli. Kohinoor alijua kuliko yeyote. Alama ya kucha shingoni mwake ilikuwa bado inachuruza damu.

"Metroni," alisema. "Kuna chupa inaisha juu."

"Chupa ya nani?"

"Ya Tuli."

"Tuli ni nani?"

"Binti wa Delwar."

Baraza lote lilinguruma.

"Una wazimu, Kohinoor? Damu ya mwenzio haijakauka ukutani!"

"Yeye ndiye aliyenituma."

"Alikuwa hajitambui yule!"

"Alijitambua kuliko sisi sote."

Hosne Ara alimsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakujali kuyafuta.

"Sikiliza, mdogo wangu. Tukipanda leo, kesho watatuua mwingine, na keshokutwa mwingine, kwa sababu wanajua hata wakituua tutarudi. Ukizikanyaga ngazi zile, usituite tena dada zako."

Kohinoor alizitazama nyuso zile, moja moja. Watu aliokula nao, aliolia nao, aliozaa wakimshika mkono. Akangoja labda mmoja atasema, nenda. Hakuna aliyesema.

Akazikanyaga ngazi.

* * *

Wodi ilikuwa kimya kama nyumba iliyotoka kuzika. Wagonjwa walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni juu ya mikeka. Ndugu zao walipomwona Kohinoor waligeuza nyuso, kila mmoja akajifanya ana kazi: huyu anakunja shuka, yule anafukuza nzi ambaye hayupo.

Bibi mmoja alisogea, mikono imekutana kifuani. "Umerudi, Sista! Mungu akuweke."

"Wewe si ndiye uliyenivuta nywele?"

Bibi akajifunika uso kwa ncha ya sari.

Delwar alikuwa amechuchumaa miguuni mwa kitanda cha bintiye, amezishika nyayo za mtoto kwa mikono miwili kama mtu anayepasha moto mikate. Kitanda cha pili, hatua moja tu kutoka pale, Parul alilala amefunikwa mtandio wake mwenyewe wa manjano. Hakuna aliyekuwa amekuja kumchukua.

"Toka hapo," Kohinoor alisema.

Delwar alitoka.

Chupa ilikuwa tupu. Damu ya mtoto ilikuwa imeanza kupanda kwenye mrija. Tuli alikuwa na miaka minane, kipini kidogo puani, midomo mikavu. Nyayo zilikuwa za baridi. Kohinoor alitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, akayakosa, akatafuta tena, akayapata membamba kama uzi.

Alifungua kabati, akatoa chupa. Akatazama huku na huku apate pa kuitundika. Stendi ilikuwa imelala mlangoni, imepinda. Watu waliiruka walipopita, hakuna aliyeigusa.

"Shika hii," alimwambia Delwar. "Juu. Juu zaidi. Usiishushe."

Delwar aliishika. Maji yakaanza kushuka tone kwa tone. Wakakaa hivyo, yeye amesimama na mkono hewani, Kohinoor ameinama juu ya mtoto, na kati yao lile jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja.

"Dada..."

"Usiniite dada."

"Sista." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilimuuliza tangu asubuhi. Sista Shiuli, mke wangu yu hali gani? Ananijibu, muulize daktari. Daktari yuko wapi? Anakuja, muulize yeye. Parul tumbo linajaa, fizi zinatoka damu, ananitazama mimi! Mimi nashona nguo, najua nini? Narudi kwa Sista, nampigia magoti, ananiambia muulize daktari na macho anayakwepesha. Nikajua kuna kitu wanaficha. Watu wakaanza kusema wamekosea sindano. Mmoja akasema, mwingine akasema, mwisho nikawa nasikia kelele tu."

Kohinoor alikuwa anafunga kitambaa cha presha kwenye mkono wa mtoto. Hakuinua kichwa.

"Unajua kwa nini alikwepesha macho? Kwa sababu alijua. Na alikatazwa kusema. Rahima alimwambia mzee mmoja ukweli kuhusu mwanawe, akang'olewa meno. Badala ya kutuletea walinzi, Mganga Mfawidhi akatuletea amri: muuguzi asiseme lolote juu ya hali ya mgonjwa, aseme muulize daktari. Atakayesema atahamishiwa visiwa vya mbali baharini. Shiuli ana mama mgonjwa. Angekwendaje visiwani?"

Delwar alifumba macho.

"Alimpigia daktari simu mpaka simu ikazimika. Akashuka mwenyewe, akagonga mlango wa upasuaji, akafukuzwa. Akapanda, akakaa na mke wako. Wewe ulikuwa umetoka kutafuta mtu wa kutoa damu. Alimfuta Parul fizi kwa pamba, akamsukia na nywele, maana Parul alisema zinamsumbua shingoni. Nenda kamfunue uone. Ule msuko ni wa Shiuli."

"Sikujua," Delwar alisema. "Wallahi, sikujua."

"Ndiyo. Hukujua, na sisi tulizibwa midomo. Ni kweli." Sasa Kohinoor aliinua kichwa. "Lakini mume wangu alifia hapahapa, Delwar. Sakafuni, pale penye ndoo. Nami sikuambiwa kitu. Sikunyanyua chuma."

Mwanamume yule alilia bila sauti. Mabega yalitikisika, machozi yakamwingia ndevuni, lakini mkono wake haukushuka.

Tuli alifumbua macho kidogo. "Baba, mkono hauumi?"

"Hauumi, mama."

"Badilisha, shika na mwingine."

Akabadilisha.

Presha ya mtoto ilipanda kidogo. Kidogo tu, lakini ilipanda. Kohinoor alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi aliposikia viatu vya ngozi vikipanda ngazi. Viatu vya aina ile hospitalini vilikuwa na mwenyewe mmoja.

Dokta Mozammel, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali ambaye siku hizi alishika makaratasi tu, si wagonjwa, aliingia na afisa wa polisi. Hakumtazama Parul. Hakumtazama mtoto. Alimvuta Kohinoor pembeni, karibu na dirisha, akashusha sauti kama baba anayemsihi bintiye.

"Sista, paa hili linavuja, si ndiyo?"

"Linavuja. Tumekwambia tangu mvua za mwaka juzi."

"Na sakafu ina maji."

"Ina maji."

"Basi. Shiuli aliteleza."

Kohinoor alimkodolea macho.

"Nisikilize kabla hujakasirika," Dokta Mozammel alisema. "Tukisema amepigwa, kesho wauguzi wa wilaya nzima wanagoma. Huu ni msimu wa kidingapopo! Watakufa wangapi? Wewe mwenyewe umepanda kwa sababu una huruma. Na huyu mtoto, baba yake akichukuliwa, atabaki na nani? Mama yake ndiye huyo, amefunikwa. Kijiji chao mto umekimeza, hawana mtu. Utamfanya yatima mara mbili kwa siku moja? Shiuli atapona, Inshallah, nitampandisha cheo. Neno moja tu, Sista. Aliteleza."

Msomaji, usifikiri maneno yale hayakuingia. Yaliingia. Yaliingia hasa pale aliposema yatima. Kohinoor aligeuka akamwona Tuli, amelala na mdomo wazi, na kidole cha mguu cha baba yake kinagusa ukingo wa kitanda kana kwamba ameogopa kuachana nacho.

"Dokta," alisema, "Rahima naye aliteleza?"

Dokta Mozammel alitazama viatu vyake.

"Na yule wa chai ya moto? Aliteleza akaangukia birika?"

Afisa wa polisi, mtu wa makamo mwenye masharubu yaliyolowa mvua, alikuwa ameshaanza kuuliza watu. Ni nani aliona? Mimi nilikuwa chooni. Mimi naona vibaya. Mimi nilikuwa nimeinama kwa mgonjwa wangu. Yule bibi mvuta nywele akasema, bila kuulizwa, "Aliteleza, maskini. Sakafu ina maji."

Afisa akafika kwa Kohinoor. "Sista, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ni nani aliyempiga?"

Mkono wa Tuli ulikuwa umetoka ndani ya shuka, umeng'ang'ania kidole kidogo cha Kohinoor. Kohinoor hata hakujua ulimshika lini. Vidole vile sasa vilikuwa na joto. Ni yeye aliyevirudishia joto lile.

Ndugu wote walikuwa wamegeuza vichwa.

"Delwar," Kohinoor alisema. "Fundi cherehani, huyo aliyeshika chupa. Kwa stendi ile iliyopo mlangoni. Alinikusudia mimi, akampata yeye."

Alidhani atajisikia vizuri. Hakujisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyekata mshipa ili kuokoa mguu.

Delwar hakukana. "Ni kweli, Afande. Ila naomba chupa hii iishe kwanza."

Afisa alimtazama, akautazama ule mkono uliokuwa hewani. Akavuta kigoda. Akaketi, kofia magotini, akangoja. Dokta Mozammel hakungoja; viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi, kisha gari lake likitoka getini.

* * *

Chupa ilipokwisha, bibi yule alijitolea kushika ya pili, bila kusema neno. Delwar aliinama akambusu bintiye kwenye paji la uso. Akamwendea Parul, akaufunua mtandio kidogo. Akauona msuko. Akaugusa kwa ncha ya kidole, kama fundi anavyogusa mshono wa fundi mwingine anayemzidi. Akaufunika tena.

"Nitamzika saa ngapi?" alimuuliza afisa.

Afisa akamfunga pingu, kwa mbele, taratibu.

Simu ya Kohinoor ikalia.

"Sista Kohinoor?" Alikuwa daktari. Nyuma yake honi zilikuwa zinalia, na watu wanagombana. "Tuko kivukoni. Foleni ni ndefu, pantoni imeharibika ng'ambo. Nimewasihi watupishe, nimepiga magoti, Sista..."

"Shiuli yu hali gani?"



"Ametuacha."

Kohinoor alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Alijua jinsi ya kuyasema, sauti gani, usimame wapi, umshike mtu bega lipi. Hakuwahi kujua yanavyoingia. Yaliingia kama maji ya baridi sikioni. Alisikia daktari analia, mwanamume mzima, akamwambia, "Basi, Dokta. Basi. Mfunike uso asinyeshewe," akakata simu, akabaki ameishika.

Afisa na Delwar walikuwa wametoka kwa ngazi za nyuma. Kwa ngazi za mbele, mtu alikuwa anapanda, anapumzika, anapanda tena.

"Kohinoor? Binti yangu, uko huku?"

Alikuwa mama yake Shiuli.

Mwanamke mwembamba, mwavuli mkononi, na mkono wa pili amebeba kikapu cha bati cha chakula, vile vyenye vibakuli vya kupangana. Alikuwa anahema.

"Afadhali nimekupata wewe. Yule mtoto katoka nyumbani hajatia kitu mdomoni, kachelewa, kapiga kelele, kaondoka. Nikasema nimletee wali na samaki wa haradali, anampenda. Nafika getini, nakuta wenzenu wamekaa uani wanalia. Nauliza Shiuli yuko wapi, Metroni ananiambia muulize Kohinoor. Namuuliza mlinzi, muulize Kohinoor. Kila mtu, muulize Kohinoor. Haya, nimepanda. Nakuuliza wewe. Mwanangu yuko wapi?"

Ulimi wa Kohinoor ulikuwa na jibu tayari. Lilikuwa maneno mawili tu, na amri ya Mganga Mfawidhi ilikuwa nyuma yake. Aliyahisi meno yakifunguka kuyapisha.

Akayameza.

"Mama mdogo, kaa hapa."

"Sikai. Mtu akiambiwa akae, huo ni msiba."

"Mama mdogo..."

"Sema nikiwa nimesimama."

Kohinoor alimshika mikono yote miwili, pamoja na kikapu. "Shiuli amepigwa. Kichwani. Alinikinga mimi. Walimkimbiza Barishal, wakakwama kivukoni. Amefariki, mama. Sasa hivi nimepigiwa."

Mama hakupiga yowe. Aliutazama mdomo wa Kohinoor kama anangoja uendelee.

"Alikula?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hakupata nafasi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akainama, akakiweka kikapu sakafuni, akahakikisha kimekaa sawa. Alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Nani?"

Jibu halikuwa lazima. Uani kelele zilikuwa zimelipuka.

Alikimbilia dirishani. Habari ya kivukoni ilikuwa imefika chini kabla yake. Wauguzi walikuwa wamesimama, na geti limejaa watu wa mtaa wa kina Shiuli, vijana kwa wazee, wengine na mianzi. Afisa alikuwa amemweka Delwar nyuma ya mgongo wake, ukutani, anapuliza filimbi ambayo hakuna aliyeisikiliza.

"Mtoe! Mtoe muuaji!"

Tofali lilipasuka ukutani juu ya kichwa cha Delwar. Hakuinama.

"Mama mdogo, usiende..." Kohinoor aligeuka. Mama hakuwepo. Kandambili zake zilikuwa zinashuka ngazi.

Watu walipomwona mama yule anatokea mlangoni, bila mwavuli, mvua inampiga, kelele zilipungua, kisha zikaisha. Njia ikafunguka yenyewe. Hosne Ara alitaka kumshika, akarudisha mkono. Mtu mmoja, sijui nani, hata leo hakuna anayekubali kuwa ni yeye, alimtia mama kipande cha tofali kiganjani.

Akakipokea.

Alitembea mpaka akasimama mbele ya afisa. Afisa alimtazama usoni, akasogea pembeni. Kwa nini alisogea, amekuja kuulizwa mara nyingi.

"Unanijua?" mama aliuliza. Kimya kilikuwa kikubwa hata juu dirishani maneno yalisikika.

"Nakujua, mama," Delwar alisema. "Nimekushonea."

"Mimi ni nani?"

"Mama yake Shiuli."

"Sema tena."

"Mama yake Shiuli."

Mkono wenye tofali ukapanda. Ukapanda mpaka mwisho wa urefu wake, ukasimama hapo, na umati mzima ukainua nao macho. Kohinoor alifungua kinywa apige kelele, wala hakujua atasema nini: aseme usimpige, au aseme mpige.

Hakupata nafasi ya kujua. Nyuma yake kitanda kilitikisika. Bibi aliyeshika chupa alipiga yowe.

Kohinoor akageuka. Tuli alikuwa ameketi, ametoa macho, ametapika damu. Shuka lilikuwa limelowa kutoka kidevuni hadi magotini, jekundu na jeusi, na damu nyingine ilikuwa inatoka puani, inazunguka kipini. Hospitali haikuwa na daktari. Uani hakukuwa na muuguzi ambaye angeitika akiitwa.

Mtoto alimtazama, wala hakulia. Alisema polepole, kama anayemsaidia mtu mzima kuelewa:

"Sista, mama alianza hivihivi."